Ufunguo wa Chumba cha Barafu

KITUO CHA POLISI, SUR
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Azzan bin Thabit bin Khalaf
Umri: Miaka 66
Kazi: Mwalimu mstaafu
Makaazi: Ibra, mtaa wa juu, karibu na falaji (mfereji wa maji ya mashamba)
Tarehe: Jumapili, 15 Januari 1984, saa tatu na nusu asubuhi
Anayeandika: Afisa Mahrous

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Nimeomba kusema kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu ni cha vitabuni na cha sokoni, na haya ninayotaka kuyasema hayamo katika hivyo viwili. Afisa Mahrous, ambaye mama yake ni mtu wa Wete, amekubali kuyaandika na atayafasiri mwenyewe. Saa nitakazozitaja ni saa za Kiswahili.

Hii ni mara ya tatu katika umri wangu kukaa mbele ya askari na kutoa maelezo. Mara mbili za mwanzo niliulizwa mimi ni nani. Leo naulizwa nilifanya nini. Nimechoka, lakini nitasema kwa utaratibu.

Harub, aliyelazwa hospitali hapa Sur, ni mtoto wa dada yangu Ghaniya. Ana miaka thalathini na moja na ni mhandisi wa maji. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na moja, na tangu hapo mimi ndiye niliyemlea, Unguja, kisha Dubai, kisha hapa.

Mnamo mwezi wa Oktoba mwaka jana Harub alipokea barua kutoka kwa rafiki yake wa Kinorwe aliyesoma naye Uskochi. Rafiki huyo alimwalika kwenda kupiga kambi siku kumi juu ya theluji, kaskazini kabisa mwa nchi yao, kwenye nchi za Aktiki, mahali ambapo msimu huu jua huchungulia saa chache tu kisha likaondoka. Safari ilikuwa iwe tarehe 2 Februari. Tikti ilikwisha kukatwa.

Pamoja na barua ilikuja orodha ya vifaa, kurasa mbili. Niliifasiri mimi, ili Ghaniya apate kujua mwanawe anakwenda kwenye nini. Naikumbuka vizuri. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata. Jozi nne za soksi za sufu. Nguo ya pamba ni marufuku, kwa kuwa ikirowa haikauki, na unyevu huko ni adui. Buti ziwe kubwa kuliko mguu kwa namba moja, ili damu ipite. Na juu kabisa, kabla ya kifaa chochote, aliandika sharti: mmoja akisema anaona baridi, wote wanasimama na anasikilizwa papo hapo. Ushujaa, alisema, waachieni walio nyumbani.

Ghaniya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Harub.

"Sisi tulilala mahemani kwa kukosa pa kulala. Wewe una nyumba na feni mbili, unanunua tikti ukalale hemani?"

"Twende sote, mama. Utakaa mlangoni utupikie chai."

"Kwa kuni zipi? Za barafu?"

Alicheka, na siku ile ile akaanza kutafuta sindano zake za kufumia, ambazo alijifunzia skuli ya wasichana na hajapata kuzitumia tangu tuje nchi hii.

Palikuwa na ukurasa wa tatu ambao sikumfasiria dada yangu. Ndani yake rafiki alimwambia Harub kuwa katika mji wao panatakiwa mhandisi wa maji, na akipapenda abaki. Harub hakunificha. Nilipomwuliza kama atabaki alisema, "Mjomba, kila nchi inayozungumzwa nyumbani petu ni nchi tuliyoipoteza. Nataka mara moja tu niende mahali ambapo sikupoteza kitu." Nalitaja hili kwa kuwa linahusika na yaliyotokea, kama nitakavyoeleza.

Mnamo tarehe 22 Disemba, siku ya Alkhamis, mimi na Harub tulikwenda Nizwa kutafuta sufu. Tulimpata mzee mmoja aliyeshuka kutoka Jabal Akhdar na mafundo ya nyuzi alizosokota mwenyewe. Aliuliza tunakwenda kufumia nini. Harub akamwambia soksi za barafu. Mzee akasema hata kwao juu ipo, asubuhi, ndani ya ndoo, na wao huivunja wakatawadha. Akatuuliza kama kuna mtu aliyetulazimisha kwenda. Tukamwambia hapana. Akatupa fundo moja la ziada, akasema huyo mtu ana haja ya dua na ya nyuzi.

Buti Harub alizinunua Matrah. Zilikuwa namba yake hasa, hazikuzidi. Nilimkumbusha orodha inavyosema. Alijibu kuwa ngozi hutanuka.

Harub ni mtu wa vipimo, hakutaka kufika huko bila ya kuvijaribu vifaa vyake, na Ibra hakuna baridi ya kujaribia. Ndipo alipomkumbuka Musallam, aliyesoma naye, mwenye kiwanda cha barafu hapa Sur. Kiwandani pana chumba cha kuhifadhia samaki, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Musallam alimruhusu kwa simu, akamwambia aje Ijumaa, wafanyakazi hawapo, yupo mlinzi tu.

Mnamo tarehe 13 Januari, siku ya Ijumaa, tulitoka Ibra saa moja asubuhi kwa gari ya Harub, tukafika Sur saa nne na nusu. Tulisali Ijumaa, tukala wali kwa samaki, na saa sita na dakika hamsini tukawa kiwandani.

Mlinzi ni Marzouq, mtu wa makamo, mzaliwa wa Ujiji. Ana miaka minne tu tangu aje na mkewe na watoto, na karatasi zake za uraia hazijakamilika. Mimi zangu nilizingojea miaka mingi, kwa hiyo najua jina la mtu likitajwa kituoni, faili lake hulala. Alitupokea kwa shikamoo. Alipoona Harub anashusha mfuko wa kulalia na buti alicheka.

"Bosi, samaki wote humu walikufa kwanza ndio wakaingia. Wewe unaingia mzima?"

"Naingia mzima, nitatoka na njaa," Harub akasema.

Mlango wa chumba kile ni mzito na haushikani bila ya komeo la nje kutiwa kufuli. Mkono wa ndani umevunjika. Marzouq alituonyesha kabla ya yote, na akasema atakaa papo hapo mlangoni. Harub akamwambia: "Funga. Nikigonga usifungue. Kule hakuna mlango wa kugonga. Fungua ikiadhiniwa alasiri."

Marzouq akasema, "Oke."

Mimi nikasema, "Oke si ahadi. Apa."

Harub akanitazama. "Mjomba ni mwalimu mpaka kwenye samaki."

Marzouq akaapa: "Wallahi sifungui mpaka adhana ya alasiri." Nathibitisha kuwa kiapo kile nilikitaka mimi. Hakikutakwa na Harub, na Marzouq hakukitoa kwa kupenda kwake.

Harub alivaa nguo zake zote za sufu nje, juani. Jasho likamtoka. Nikamwambia atawadhe kabisa ili akitoka asali bila ya kuchelewa. Akatawadha kwenye mfereji wa kuoshea samaki, na palikuwa hapana kitambaa. Akavaa soksi jozi mbili juu ya miguu mibichi, akaitia katika zile buti. Ilibidi akanyage mara tatu ndipo mguu wa kushoto ukaingia. Mimi, niliyeifasiri orodha, nilikuwa nimesimama mbele yake nikitazama. Aliingia saa saba na dakika kumi. Marzouq akafunga.

Mimi nilikaa kivulini mwa ukuta, juu ya sanduku la samaki lililopinduliwa, kiasi ya hatua ishirini kutoka mlangoni. Nilikuwa na ile barua. Nilisoma ukurasa wa tatu.

Saa nane na robo nilisikia kugongwa. Marzouq alikuja mbio.

"Mzee, anagonga. Anasema anaona baridi."

Nilimwambia, "Alisema usifungue."

"Alisema kabla hajaingia. Sasa yuko ndani."

"Umeapa."

"Nitafunga saumu siku tatu za kafara, mzee. Siku tatu si kitu."

Nikamwambia kiapo hakivunjwi kwa wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia darasani, na nilimwona akinywea kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinywea. Marzouq ni mtu aliyefundishwa adabu, na mimi nina mvi. Alirudi mlangoni.

Saa nane na dakika thelathini na tano paligongwa tena, mara nne, polepole. Marzouq alikuja, safari hii akitembea. Alikuwa na ufunguo mkononi. Alisema, "Basi ushike wewe, mzee. Ukibaki kwangu nitafungua." Akaniwekea kiganjani, akarudi kukaa chini, mgongo wake ukiegemea ule mlango.

Naomba hili liandikwe wazi. Kuanzia saa nane na dakika thelathini na tano mpaka adhana ya alasiri, ufunguo wa chumba kile ulikuwa kwangu. Haukuwa kwa Marzouq.

Afisa ameniuliza kwa nini sikufungua, nami sikuapa. Nimelala usiku mbili na swali hilo kabla hajaniuliza. Mwanzo nilijiambia ni kuheshimu alichotaka Harub. Si kweli. Sharti la kwanza la orodha nililifasiri kwa mkono wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka baridi imshinde. Nilitaka atoke mle akasirike, aivue ile sufu, arejeshe tikti. Nilihesabu kuwa nusu saa ya baridi ni bei ndogo ya kumweka mtu nyumbani. Nimeshazika, nimeshasafirishwa, nimeshaagana na watu katika bandari tatu. Sikuwa na nguvu ya kuaga tena. Sikumtakia dhara. Lakini nilimtakia ashindwe, na ufunguo nilikuwa nao.

Kugonga kuliendelea kwa vipindi, na kiasi cha saa tisa kasoro dakika tano kukakoma. Nilidhani amezoea.

Adhana ya alasiri ilisikika saa tisa na robo. Nilisimama, nikampa Marzouq ufunguo, akafungua. Harub alikuwa amekaa juu ya mfuko wa kulalia akijaribu kufungua kamba za buti, na vidole vya mikono havimtii. Aliniona akatabasamu. Alisema, "Haiumi tena, mjomba. Miguu imeacha kuuma."

Tulimtoa nje. Marzouq alimvua buti na soksi. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta, na viwili vya kulia pia. Nilikwenda kutafuta maji ya moto. Marzouq alinikataza. Alifungua shati lake, akakaa chini, akaiweka ile miguu tumboni mwake, ngozi kwa ngozi, akaifunika kwa mikono yake. Nilimwona akitetemeka. Alikaa hivyo mpaka gari ya hospitali ilipofika, kwa kuwa si mimi wala yeye anayejua kuendesha ile ya Harub. Daktari aliniambia baadaye kuwa hakuna jambo bora lililofanywa siku ile kuliko hilo.

Musallam alifika saa kumi. Alikuta kufuli, mtu aliyeumia, na mlinzi. Alipiga simu polisi kuwa mlinzi amemfungia mtu ndani na amekataa kumfungulia. Marzouq alichukuliwa na shati lake likiwa bado limefunguka. Aliponipita alinitazama. Sikuwaambia askari kuwa ufunguo ulikuwa kwangu. Nilipanda gari ya hospitali.

Daktari anasema atangoja wiki tatu kujua ni vidole vingapi vitabaki. Hatarajii kuviokoa vitatu vya kushoto. Safari ya tarehe 2 Februari haipo tena. Nimepata nilichokitaka.

Jana jioni Harub aliniuliza kitu kimoja tu. Alisema, "Mjomba, nilisikia Marzouq akiondoka mlangoni akarudi. Alikwenda kwa nani?" Nilimwambia alale. Asubuhi ya leo Ghaniya, aliyekuja kutoka Ibra, alikuwa amekaa chini kando ya kitanda chake akiziosha zile soksi katika karai. Nikatoka nikaja hapa.

Naomba Marzouq asishtakiwe, kwa kuwa alifanya alichoapishwa, na alipotaka kufanya kilicho bora zaidi nilimzuia. Naomba pia jina lake litolewe katika jambo hili kwa maandishi, ili lisimfuate kwenye faili lake. Na naomba nipewe nakala ya maelezo haya. Nataka nimsomee Harub mwenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na pale pabaya.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyashika mkononi. Nimesomewa, na ni yangu yote.

(Sahihi) Azzan bin Thabit

KUMBUKUMBU YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi neno kwa neno. Nilimfahamisha kuwa sehemu aliyoeleza alichokitaka moyoni hailazimiki kuwemo. Aliomba ibaki.

Saa tano na nusu nilimhoji tena mlinzi Marzouq. Alikiri kuwa ufunguo alimkabidhi shahidi. Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu Ijumaa, naye amelala ndani usiku mbili. Alijibu: "Mzee nilimwacha aseme mwenyewe. Nilijua atakuja."

Ameachiwa saa sita mchana. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje. Marzouq alimwamkia shikamoo, na shahidi alisimama kwanza ndipo akaitika.

(Sahihi) Mahrous, Afisa wa zamu