Nimeshika Tena Msumeno, Fundi

Fundi,

Wiki hii nimekata mbao kwa msumeno wa umeme. Ndiyo, mimi Nekesa. Nimekata kenchi za paa la darasa zima, na vidole vyangu kumi vyote viko hapa vinashika kalamu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Halafu nikakumbuka ni mwaka na zaidi tangu tukupeleke nyumbani ukalale karibu na baba yako. Basi nimekaa kwenye benchi letu hapa Kisumu Ndogo, Jumapili, watu wako kanisani na hakuna anayegonga nyundo, nikuandikie.

Mkeo Mama Atieno hajambo. Bado anauza omena pale pale, na bado anagombana na mwenye bomba la maji. Karakana yako haijafungwa. Wengi walisema itafungwa. Walisema mwanamke hawezi kubaki na kazi ya mbao peke yake, na wateja wawili watatu walichukua viti vyao nusu vikiwa vimekatwa wakaenda kwingine. Wengine walibaki. Mimi pia nilibaki, nikikata kila kitu kwa mkono kama tulivyokuwa tukifanya mwishoni, hadi bega la kulia likaanza kuniuma asubuhi kabla sijashika kitu.

Unajua kwa nini nilikuwa nakata kwa mkono. Hatukuwahi kulizungumza, lakini unajua.

Ni ile siku ya Nyayo Highrise. Tulikuwa tunaweka kabati za jikoni kwa yule mama wa ghorofa ya tatu, na wewe ulikuja na ule msumeno wako mzito wa umeme, wenye waya, kwa sababu kule stima ilikuwepo. Ulipiga magoti kwenye sakafu, mimi nikashika ncha ya ubao. Uliniambia, "Nyathina, shikilia, usiache ianguke." Uliniita mtoto wangu kwa Kijaluo tangu siku ya kwanza, mimi Mluhya, na mimi nilizoea. Nikashikilia. Niliogopa ile ncha isianguke ikakwaruza sakafu ya watu, kwa hiyo nikaiinua. Kidogo tu. Nikasikia ubao unabana, msumeno ukalia vibaya, ukaruka nyuma. Ukapita juu ya mkono wako wa kushoto.

Vidole viwili, Fundi. Nilivifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa nikashuka nawe ngazi zile zote.

Hospitalini daktari alikuuliza imekuwaje. Ukasema, "Nimejikata mwenyewe." Yule mama mwenye nyumba alipokuja, ukasema hivyo hivyo. "Nekesa hana kosa." Ulilirudia mara mbili mbele yangu, ukiangalia ukuta.

Mimi nikajua unanistiri. Niliondoka pale nikilia njia nzima hadi Mashimoni, nikisema mtu huyu nimemkata vidole na bado ananifunika nguo. Toka siku hiyo sikukataa kazi yoyote uliyonituma. Nilifika kabla yako, niliondoka baada yako. Siku moja nilijaribu kukuomba msamaha, unakumbuka? Tulikuwa tunapiga randa mlango wa duka. Nikasema, "Fundi, ile siku ya Highrise..." Ukanikatiza. Ukasema, "Leta ile tupa." Hukunitazama. Nikajua bado una uchungu nami ila hutaki kunitukana. Sikuuliza tena. Kikaja kifua, ukaja ule ugonjwa wa kukohoa usioisha, nawe ukaenda. Mimi nikabaki na ile ncha ya ubao mikononi.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Kawangware, anaitwa Mwalimu Rhoda, alikuja hapa kunitafuta. Ana shule ndogo ya watoto nyuma ya kanisa lao. Paa la darasa lilikuwa limeliwa na mchwa, mbao zote, na mvua ilikuwa inakaribia. Alitaka kenchi mpya na mabati yarudishwe juu kabla mvua haijaanza. Nikaenda kuona. Kazi nzuri, mbao za saipresi, nne kwa mbili, nyingi. Lakini stima hakuna. Ya karibu iko kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Na bega langu lile. Nikahesabu mikato nikaona kwa mkono siwezi kumaliza, mvua itatukuta. Nikamwambia nitafikiria. Akaniambia, "Usifikirie sana, mama. Watoto wako chini ya turubai."

Pale Kawangware kuna jamaa anauza vifaa vilivyotumika, vinakuja na kontena. Nilikwenda kutazama tu. Niliposimama akaniuliza, "Sasa madam, unanunulia mzee?" Nikamwambia mzee ni mimi. Akacheka, lakini baada ya hapo aliniheshimu. Akanionyesha misumeno miwili ya duara isiyo na waya. Ya betri, Fundi. Unachomeka betri chini ya mkono wake kama tochi, basi, unakata popote. Nilidhani ananitania.

Ningependa ungekuwepo tuichague pamoja. Mmoja ulikuwa mkubwa. Nikaunyanyua, nikaunyoosha mkono kama nimesimama kwenye ngazi, na bega likanijibu mara moja. Wa pili ulikuwa mdogo, diski yake kama sahani ya chai. Swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo ungeliuliza wewe: unapita mbao ya inchi mbili au unaishia katikati? Sikukubali maneno. Niliomba kipande cha mbao, nikapandisha bamba lake la chini mpaka mwisho, nikapima jino linavyotokea chini. Unapita. Umebakisha kidogo sana, lakini unapita. Diski iko upande wa kushoto, kwa hiyo mtu wa mkono wa kulia anauona mstari wa penseli bila kuinama. Ukiachia kitufe, diski inasimama hapo hapo, haiendelei kuzunguka kama ule wako.

Betri zilikuwa mbili. Nikamwambia muuzaji akate na kila moja, vipande kumi kumi, mimi nikiangalia. Ya kwanza ilimaliza vizuri. Ya pili ilichoka kwenye kipande cha nne. Akaitupa chini ya meza akatoa nyingine, na hiyo nayo tukaijaribu. Mimi sikukata. Yeye ndiye aliyekata. Mimi mikono ilikuwa mfukoni.

Halafu akanionyesha kinga. Ni kile chuma cha chini kinachofunika meno. Ukisukuma msumeno kwenye mbao inarudi nyuma, ukitoa inaruka na kufunika tena, tap. Akaivuta akaiachia mara tatu. Akasema, "Hii usiifunge, madam. Mafundi wengi wanaifunga na waya kwa vile inawasumbua. Ndio hao unaona wakikosa vidole. Msumeno ukiruka na kinga iko sawa, inajifunika yenyewe."

Nilisimama pale. Nilijaribu kukumbuka kinga ya msumeno wako ile siku. Nilikumbuka mlio. Nilikumbuka damu kwenye vigae. Kinga sikuikumbuka kabisa. Nikamwambia aniwekee, nitarudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Atieno. Alikuwa anageuza omena juani. Nikamwambia naomba kuona ule msumeno wa mzee. Hakuniuliza wa nini. Aliingia, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda, akaniwekea miguuni. Nikafungua.

Waya ulikuwa pale, Fundi. Waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara tatu kwenye kinga na kuifunga wazi, ncha zake zimesokotwa na kukunjwa ndani ili zisichome mtu. Hakuna mwingine anayekunja waya hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nikamwonyesha Mama Atieno. Hakushangaa. Akasema, "Aliifunga yeye. Ilikuwa inakwama na vumbi la mbao. Nilimwambia aisafishe, akasema hana muda." Halafu akaniangalia. "Kwani hakukwambia? Nilimuuliza hospitalini, akasema atakwambia. Kila nikimuuliza anasema kesho."

Nikamwambia, "Mama, mimi nilijua ni mimi niliyemkata. Miaka yote hii."

Akaacha omena. Aliketi chini kwenye ndoo akanishika goti. "Wewe? Nekesa, yule mtu alikuwa anaona haya. Fundi wa miaka thelathini anaambia mwanafunzi wake asicheze na kinga, halafu yeye anaifunga na waya. Angeanzia wapi kukwambia?"

Nitakuambia ukweli kwa kuwa huwezi tena kuniagiza tupa. Kwanza nilikasirika. Nilikuacha na lile gunia nikatembea hadi reli na kurudi, nikikusemesha kwa sauti, watu wakipita pembeni. Ulinitazama nikifagia karakana yako kama mtu anayelipa dhambi, na hukusema neno moja. Neno moja tu, Fundi, lingetosha.

Halafu nikiwa njiani kurudi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikasimama. Kwa sababu ulilisema. Ulilisema siku ile ile, mbele ya daktari na mbele ya mwenye nyumba. "Nimejikata mwenyewe. Nekesa hana kosa." Nilidhani unanistiri, kumbe ulikuwa unasema kweli tupu, na mimi ndiye niliyekataa kukuamini.

Sisemi sikukosea. Niliinua ubao. Sasa naelewa kwamba ukiinua ncha, ule mkato unajifunga na kubana diski, na msumeno hauna pa kwenda isipokuwa nyuma. Hilo lilikuwa langu. Waya ulikuwa wako. Lakini kosa la nusu ni jepesi kulibeba, Fundi, hujui lilivyo jepesi. Usiku ule nililala, asubuhi bega likawa linauma kidogo tu.

Nikarudi Kawangware nikaununua ule mdogo. Bei sikutajii, ungeshika kichwa.

Siku ya kwanza pale shuleni sikuanza na mbao. Nilimwomba Mwalimu Rhoda awaingize watoto wote upande wa kanisa, nikamwambia ni kwa ajili ya vumbi. Niliweka mbao juu ya magogo mawili, kipande kirefu kikalala vizuri, kile cha kukatwa nikakiacha kining'inie ili kianguke chenyewe. Sikumwita mtu akishike. Nikapima kina, jino lipite mbao kwa unene wa kucha tu. Nikageuza upande mzuri chini, kwa kuwa meno yanakata yakipanda na yanachana upande wa juu. Nikavuta kinga, nikaiachia. Tap. Nikabonyeza kitufe nikangoja diski ishike kasi yake kabla sijagusa mbao.

Ukapita kama kisu kwenye sukuma wiki. Kipande kikaanguka. Nikaachia kitufe, diski ikasimama, nikaweka mbao nyingine.

Mikato ya mwanzo nilisukuma kwa nguvu, betri ikapata moto na diski ikaanza kuunguza mbao. Nikajifunza kuuacha uende wenyewe. Betri moja ikikata, nyingine ilikuwa kwa kinyozi inachajiwa, na kila nikivuka barabara wateja wake waliuliza kama nimeleta bomu. Siku ya tatu zote mbili zilikwisha na mbao nne zilikuwa zimebaki, nikazimaliza kwa mkono. Kenchi moja niliikosea inchi nzima, nikaitia kiraka. Iko upande wa nyuma, haionekani, lakini mimi naijua. Juu ya ngazi nilikata ncha za mbao papo hapo, bila waya wa kuninasa mguu, mkono mmoja umeshika paa wakati wa kupanda na miwili imeshika msumeno wakati wa kukata. Nikiondoa diski kuisafisha, betri inatoka kwanza. Hilo sikufundishwa na mtu, niliogopa tu.

Alhamisi tulipiga bati la mwisho. Ijumaa asubuhi mvua ikanyesha, ile ya kweli, inayogeuza Kawangware nzima kuwa matope. Nilikuwa nimeenda kuchukua vifaa vyangu. Watoto walikuwa wameketi ndani wanapiga kelele kushinda bati, na Mwalimu Rhoda alikuwa anatembea kutoka pembe hadi pembe ameinua uso, akitafuta tone. Hakupata. Akaniambia, "Fundi, kunywa chai kwanza."

Nimeufungua ule waya wako, Fundi. Mama Atieno alishika gunia, mimi nikashika koleo. Nimesafisha vumbi, nikatia mafuta, kinga sasa inarudi vizuri. Msumeno nimemrudishia, ni wake. Hakuna jambo lingine kati yetu sisi wawili. Kama huko uliko bado unaangalia ukuta, geuka, nitazame, mimi sina neno nawe.

Mwezi ujao wanakuja wanawake wawili kutoka Mashimoni wanaotaka kujifunza kazi. Siku ya kwanza, kabla hawajagusa kitu, nitawaambia nilivyoinua ule ubao. Na siku nitakayofanya kosa mbele yao nitalisema siku hiyo hiyo, mdomo wazi, wakiniangalia. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika sasa, mwalimu wangu.

Nekesa