Mabirimbi ya Unguja

Jumapili, 12 Oktoba
Kontena la vitunguu vya India limekwama bandarini Sohar. Simu mchana kutwa. Ofisini Hamriya wenzangu hawafungui mkebe wa chakula bila kuniuliza kimetoka wapi, ndio mzaha wao. Kuku Brazil. Viazi Misri. Ndizi Ufilipino. Nalipwa kujua sahani ya Maskati imetoka kona gani ya dunia.

Nimefika nyumbani Darsait, Baba hajala tena. Kichefuchefu. Mama amemnywesha glasi yake ya juisi ya birimbi, lile tunda chachu la pwani, hata hivyo. Mjomba Seif aliyaleta mabirimbi kutoka Unguja, begi zima, na friza imejaa. Mama mdogo wa huko alituma ujumbe wa sauti: juisi ya birimbi inashusha sukari. Basi Mama anaponda, anachuja, anampa Baba asubuhi kabla hajala kitu. Sukari imeshuka kweli. Mama anatembea nyumbani kama aliyefaulu mtihani.

Jumatatu, 13 Oktoba
Miguu ya Baba imevimba. Analaumu soksi.

Jumatano, 15 Oktoba
Hospitali. Figo karibu zimesimama. Wamemuunga kwenye mashine ya kusafisha damu.

Daktari aliuliza mgonjwa anakula na kunywa nini. Nikamtajia vyote, mpaka chapa ya mchele na nchi ya maziwa. Birimbi sikulitaja. Halikunijia kabisa. Kinachokuja ndani ya begi kutoka Unguja hatukihesabu kuwa chakula wala dawa. Ni mzigo wa nyumbani tu.

Sikulia. Nilinunua chai ya karaki, ile ya maziwa na hiliki, pale chini, nikainywa, ilikuwa na sukari nyingi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Zamu ya daktari mwingine, mtu wa Kerala, India. Mama alikuwa ameleta wali na achari ya birimbi, labda Baba atatamani. Akaenda kusali. Daktari akakiona kikopo cha achari, akauliza tunalipata wapi tunda hili. Kwao wanalipika na samaki. Halafu uso ukambadilika. Akauliza kama Baba anakunywa juisi yake.

Nikasema ndiyo, kila siku.

Akavuta kiti. Kwenye samaki kidogo, akasema, si neno. Juisi mbichi ya kila siku ni jambo jingine. Ule uchachu unaganda ndani ya figo kama mchanga. Ameshawaona wagonjwa wa hivyo huko kwao. Huenda figo zikaamka, huenda zisiamke. Wiki kadhaa, ndipo tutajua.

Baba alikuwa macho. Daktari alipotoka akanishika mkono.

"Mama'ko asijue, Zuwena. Ataiguguna roho yake huyu, mie namjua. Atajiona kaniua kwa mkono wake."

Nikasema sawa. Mama aliporudi nikamwambia kwamba daktari amekataza vitu vyote vya nje. Akasusa kidogo, akafunga kikopo.

Nilitegemea kusikia uchungu. Sisikii kitu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mashine tena. Wageni chumba kizima, halwa, birika za kahawa, dua. Mama anawaeleza wote kwamba Baba amezidiwa kwa sababu hapa wamemkatisha birimbi lake. Bi Thuwaiba, jirani yetu, mwenye sukari naye, akaomba aelezwe namna ya kuitengeneza juisi. Mama akamweleza mpaka kipimo cha maji. Akamwahidi mfuko mmoja kutoka friza.

Baba akanitazama. Mimi nikatazama pazia.

Usiseme, kaniambia Baba. Sisemi. Nitamkamata Bi Thuwaiba pembeni. Leo sikumkamata, aliondoka na gari ya mwanawe.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimeingia jikoni kabla ya kazi. Mama ameshika glasi ya birimbi, imejaa mpaka juu.

Nikamuuliza anampelekea nani.

"Nakunywa mie. Tokea siku ya mwanzo tunakunywa sote na baba'ko. Kali ile, peke yake haimteremki, basi nampa moyo. Na sasa hayupo, sehemu yake niimwage? Nanywa zote mbili."

Nikaichukua glasi mkononi mwake. Ikamwagika, nguo yangu na sakafu. Nikamwambia yote hapo hapo, nimesimama kwenye maji ya birimbi. Sikupamba neno hata moja. Sijui kama nilisema vizuri.

Akakiosha kinu. Akakifunika.

"Baba'ko anajua?"

"Anajua."

"Tokea lini?"

Nikamwambia. Akafuta mikono, akachukua simu. Kwanza alimpigia Bi Thuwaiba. Kisha Unguja. Alikuwa kama anayeagiza mkate. Alipomaliza nikampeleka kupimwa damu. Njiani alinikumbusha tu kufunga mkanda.

Jumanne, 21 Oktoba
Figo za Mama zimeguswa. Si kama za Baba. Anywe maji kwa wingi, arudi kupimwa kila wiki, asiliguse tena birimbi.

Nina hasira na Baba. Nina hasira na nafsi yangu zaidi. Nilikuwa nanyamaza ili Mama asiumie, naye asubuhi zote hizo yuko jikoni anakunywa. Mlango wa pili kutoka chumbani kwangu.

Vitunguu vimetoka bandarini. Nusu vimeoza. Niliandika ripoti nzuri.

Ijumaa, 24 Oktoba
Baba ameanza kupata mkojo. Kidogo. Daktari ameridhika.

Mama hakuwa amekwenda kumwona Baba tangu Jumatatu. Leo baada ya sala ya Ijumaa amevaa buibui lake, akakaa ndani ya gari kunisubiri. Kule hakumuuliza Baba lolote. Baba alimwona tu mlangoni akajua kwamba anajua. Alifungua kinywa. Mama akamtengeneza mto, akamfuta uso kwa leso, akaketi.

Maji ya Baba ni ya kupimwa, kikombe kidogo. Ulipofika wakati wake Mama akamimina. Kabla ya kumpa akapiga funda moja yeye mwenyewe, akalishikilia kinywani, akameza. Akangoja. Baba naye akangoja, mkono ameunyoosha.

"Maji tu, baba Zuwena," akamwambia.

Baba akanywa.