Moshi wa Matanuri na Pumzi ya Mama

Magamba,
Mpanda.
21 Julai 1996

Mpendwa kaka Hilari,

"Moshi hupanda juu. Ukimhamishia Mama kilimani, umempeleka moshi unakokwenda." Umeandika hivyo kwa mkono wako, nami nitakujibu. Lakini kwanza shikamoo. Goti la wifi Edina limepona? Sisi huku wazima, isipokuwa Mama.

Pumu imembana tangu matanuri ya matofali yawashwe hapa bondeni. Asubuhi anakaa mlangoni, mikono magotini, akitafuta pumzi.

Kaka, moshi hupanda ukiwa na joto. Soma vitabu, au amka mapema. Kipupwe hiki hewa ya baridi ni nzito, inalala bondeni, na hewa yenye joto imeifunika kama kifuniko cha chungu. Moshi ukipoa unakwama humo. Ukiwa kilimani kwa mdogo wetu Josephina, unauona umetanda chini kama ziwa, nawe umesimama juani.

Macho hayakunitosha. Nilifunga vitambaa vyeupe vya bafta mitini: kimoja hapa nyumbani, kingine katikati ya mteremko, kingine kwa Josephina. Watu wakadhani ni tambiko, wakaacha unga chini ya kile cha katikati! Mzee Valeriani akanisimamisha njiani: "Mwanangu, umeamsha mzimu gani?"

"Wa tanuri, mzee. Huo haushibi unga."

Nilipovifungua, cha nyumbani kilikuwa cheusi kama kitambaa cha kuepulia sufuria. Cha katikati, kijivujivu. Cha juu kina vumbi tu. Ndiyo, mchana jua likichoma, moshi hufika hata kule, nakubali. Ila unafika umeshatawanyika. Jumapili iliyopita Mama alishinda kwa Josephina. Alikohoa kidogo, kisha akaimba.

Unasema mjane haachi mji wa mumewe. Baba alijenga hapa kabla ya tanuri hata moja! Mama mwenyewe anasema: "Mwambieni Hilari, kaburi la baba yake halikimbii. Nitashuka kulifagia."

Nisalimie Edina na watoto, Kassiani na Agape. Mungu awape hewa safi na vifua vya kuivuta.

Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Bila neno lako Mama hatoki. Basi keti na Edina, mwandike mstari mmoja tu: "Mama apande." Upelekeni posta leo, kabla hamjanywa chai.

Dada yako akupendaye hata akigomba,
Bernadetha