Nyuzi Nne

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia ulale, na mkaza mjomba bado anakuficha chumvi kwa faida yako. Huku watoto wamepona kikohozi. Sasa ni zamu yangu.

Naandika, sipigi simu, kwa sababu nimeanza kuishuku simu. Chai nayo naishuku. Tangu Jumatatu Mkuu wa stoo ananiletea kikombe mezani kwa mkono wake, yeye ambaye miaka sita hakujua kama nina jina. Leo kaniuliza, "Mjomba wako hajambo?" Nikakirudisha kikombe mezani.

Kisa ni hiki. Zahanati tatu zimerudisha chanjo zetu. Unakijua kile kidoa kwenye kichupa, cheupe kikiwa salama, cheusi kikishaonja joto. Vyote vyeusi, na kuna watoto waliokwishachomwa nyingine kabla haijagunduliwa. Kamati ikaomba karatasi za joto za friji kubwa, ile isiyotakiwa kuzidi nyuzi nane. Mkaguzi akazipanga mezani kama mcheza karata. Zamu zangu: nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni, mwezi mzima. Zamu za mwenzangu, Kaka Funguo: nne, nne. Zamu za Mama Kipimo, yule wa miwani aliyeingia ulipostaafu: tisa, kumi na moja, tisa, kumi.

"Basi joto limeingia mikononi mwake," akasema Mkuu. Wamemsimamisha, na wanataja polisi.

Mjomba, wewe unajua na mimi najua kwa nini zamu zangu zote zinasoma nne. Pale stoo anayekitazama kipimajoto ni mmoja tu, na ndiye anayefukuzwa.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lipo, chumvi haipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango. Kwanza: huyo Mama Kipimo ni nani kwako? Sikushuku. Nauliza tu kama mtu anayekushuku.

Pili, ile nne si uongo, ni mazoea. Friji niliipokea mpya, ikakaa kwenye nne miaka mitano haijasogea. Mwenye akili gani huenda kukichungulia kitu kisichobadilika? Ndiyo maana siku yako ya kwanza nilikwambia, "Andika nne, twende tukanywe chai." Hukubisha. Ulikuwa na kiu.

Kazi hiyo nilikuombea mimi, kwa mdomo huu. Ukisema nne zako ni za kubuni, watafukua na zangu. Mtaani hapa mimi ni mzee wa chanjo; kina mama hunipa vichanga vyao nivibebe. Siku ya kikao, tarehe ishirini na tano, kaa kimya. Aliyenyamaza hajawahi kuambiwa arudie.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wazima sote, ila siku hizi simalizi kikombe.

Barua yako nimeisoma kama mkaguzi. Mimi sikukutajia siku ya kikao. Nisingeweza: tangazo limebandikwa tarehe kumi na tatu, siku mbili baada ya wewe kuniandikia. Umeijuaje?

Mama Kipimo si wangu. Ana wajukuu wawili na ulimi wa wembe. Nilimfuata kwake, nikamkuta anashona kifungo.

"Umetumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi umekuja kuchungulia kama nitakutaja."

"Hapana. Nimekuja kuuliza kwa nini uliandika kumi na moja."

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini analala amefumba macho. "Kwa sababu ilikuwa kumi na moja."

Nimeziona karatasi zake. Pembeni, mara tatu, kaandika: mpira wa mlango umeachia, baridi inatoka. Mara zote tatu Mkuu katia sahihi chini yake bila kusoma. Na yeye ana nne yake.

Jana kanidokeza kwamba kiti cha naibu ki wazi. Nilikwenda kukitazama. Mguu mmoja ni mfupi.

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba.

Mkuu alikuja hapa tarehe tisa, na boksi la biskuti. Ndiye aliyeniambia siku ya kikao, na ndiye aliyeniomba nikutulize. Na yeye nilimfundisha kazi mimi. Mkaza mjomba hakuzigusa. Alisema biskuti zile zina harufu ya shida. Mimi nimekula nne.

Nakuomba, si kama mzee, kama mtu tu: usinitaje.

Mjomba wako

27 Machi

Mjomba,

Kikaoni nilisimama kabla miguu haijapata ushauri mwingine. Nikasema nne zangu ni za kubuni. Nikasema tarehe kumi na nane mwezi wa pili umeme ulikatika kutwa, jenereta ikagoma, na mimi niliandika nne. Kaka Funguo akainama kutafuta kitu chini ya meza. Nadhani hadi leo hajakipata.

"Huyu ana lake na yule mama," Mkuu akasema.

Mkaguzi akaniuliza, "Nani alikufundisha hivyo?"

Mkuu akanikazia macho. Nikajibu, "Nilijifundisha mwenyewe."

Mkaguzi akaliandika, lakini taratibu, kama mtu anayeandika asichokiamini.

Wamenisimamisha na mimi. Mama Kipimo hajarudishwa. Wanasema ushahidi ni wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe kakiri kwa kinywa chake kwamba ni mwongo.

Sikukutaja.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa mara ya mwisho hukunisalimia. Niliiona. Miezi miwili nimeitazama nafasi ile juu ya karatasi ambapo shikamoo ingekaa.

Nilikwenda. Kwa basi, na goti hili. Nikamwambia mkaguzi: kijana alikudanganya neno moja tu, kwamba alijifundisha mwenyewe. Nikamwomba atoe karatasi za miaka yangu. Akapindua, akapindua, mkono ukamchoka. Nne.

"Mzee, mwaka huu hapa friji ilipelekwa matengenezo wiki mbili."

"Ndiyo."

"Na hapa pia umeandika nne."

"Friji haikuwepo, mwanangu. Nne ilikuwepo."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaziita karatasi zote upya, za Mkuu zikiwemo.

Nasikia Mama Kipimo amerudi na mpira wa mlango ni mpya. Nasikia wewe umewekwa getini, unaandika namba za magari. Nasikia tu, hujaniandikia.

Huku habari imenitangulia kufika. Kina mama hawanipi tena vichanga. Mmoja aliponiona alimhamishia mtoto wake bega la pili.

Mkaza mjomba amenunua kipimajoto, kakitundika sebuleni. Sijui kama ni zawadi au tusi, na yeye hasemi. Asubuhi hii kilionyesha ishirini na saba. Nikatafuta miwani, nikarudi kukitazama. Ishirini na saba.

Lakini usiniamini. Njoo uangalie mwenyewe.

Mjomba wako