Hali ya Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Utetezi wa tasnifu ni Ijumaa. Mama kapiga simu kuuliza nimegundua nini hasa, maana shangazi anataka kujua kama kinauzwa. Nikamweleza: elektroni kwenye utando mwembamba, baridi kali, sumaku kubwa — zinajipanga pamoja, na kila mpangilio una jedwali lake la namba nzima. Kazi yangu ni kuainisha mipangilio hiyo, iitwayo hali za Hall za kwantamu. Ipi ni mpya, ipi ni ileile imebadilisha nguo tu. Za aina tunayoichunguza sisi zilijulikana kumi na mbili. Mimi nimeongeza moja. Mama akasema basi ni kama kupata mjukuu. Sikubisha.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Ya kumi na tatu ni ya saba.

Programu yangu ilijaribu kugeuza jedwali moja kuwa jingine kwa namba zisizozidi tano. Ikashindwa, nikashangilia: jedwali lisilogeuka kuwa jingine ni hali mpya. Leo, kwa kukosa la kufanya, nimeiachia ifike kumi. Ilipogusa namba nane — hilo hapo, jedwali langu limegeuka la saba, halijabaki hata doa. Nimerudia kwa mkono. Ni kweli. Miaka minne nalea mtoto wa jirani.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwonyesha Mzee, msimamizi wangu. Akautazama ubao, akafuta pembe isiyohusika. Anastaafu mwezi ujao. Hotuba yake ya kuaga inahusu ya kumi na tatu. Akasema mtahini wa nje ni mtu wa maabara, hatafika huko kwenye nane.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Tutasahihisha baadaye."

Nampenda Mzee. Alinipokea wenzake waliponikataa. Nikaona aibu kwa ajili yake, kisha kwa ajili yangu, kwa sababu nilijibu, "Sawa."

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya ukumbini, kiti cha mbele. Wanadhani napitia hoja zangu. Mama na shangazi wako nyuma yangu. Mtahini anafuta miwani.

Asubuhi nimefuta slaidi zote za ya kumi na tatu. Nimeweka moja tu: jinsi inavyogeuka kuwa ya saba. Mzee sijamwambia — angenibembeleza, nami ningekubali tena.

Mzee anasimama kunitambulisha. Amevaa tai, sijawahi kumwona na tai. Anasema kabla ya jina langu angependa wageni wasikie kuhusu ya kumi na tatu. Mama anapiga makofi, peke yake. Mzee ananipungia mkono niende mbele.