Mvua ya Alfajiri Uani Kwetu

Chamazi, Jumapili

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku wazima, goti la bibi yako limetulia. Unauliza kama ufungue nyaya za kituo chako cha hali ya hewa hapo kwa shangazi yako, maana kompyuta inaonyesha mvua usiyoiona.

Miaka ya tisini kaka yangu Hamisi alisimamisha kipimo cha mvua uani kwetu Temeke, waya ukaingia sebuleni kwenye kompyuta ya mtumba. Kiangazi kizima ikaonyesha mvua kila alfajiri. Majirani wakamsalimu, "Mleta mvua, leo tutoke na mwavuli?" Siku moja, kwa aibu, akachukua bisibisi aing'oe mitambo yote.

Mama akauliza, "Hiyo mvua hunyesha saa ngapi?"

"Alfajiri, Mama."

"Basi ni mie. Nanyunyiza maji uani kabla ya kufagia, vumbi lisiwaamshe kwa chafya."

Hamisi akaweka bisibisi chini. Mashine ilikuwa imeona kazi iliyofanyika sisi tukiwa usingizini miaka yote. Kesho yake fagio alilishika yeye.

Usifungue nyaya bado, Salma. Kwanza amka mapema, uone nani yuko uani.

Babu yako,
Athumani