Ni Nani Aliyeiuza Chemchemi

Lumbe, Uluguru
9 Agosti 1998

Mdogo wangu mpendwa Yuliana,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani, ambako kipupwe cha mwaka huu ni kikali hata mama anaota moto jua likiwa utosini. Nataraji wewe, shemeji Stephano na watoto hamjambo hapo Tabora, na kwamba kifua cha shemeji kimetulia tangu alipoondoka kwenye moshi wa karakana ya reli. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, nayo nimeshayazoea. Mama anakula, anatembea, anasali rozari yake. Mengine nitakueleza kwa utaratibu, maana unanijua kaka yako: siwezi kusimulia jambo bila kuanzia mwanzo wake, na wanafunzi wangu walikuwa wakinicheka kwa hilo.

Barua yako niliipata kwa mkono wa padre. Ilikuwa kali, wala sikukasirika. Umeandika kwamba umesikia kwa watu wa Mikese kuwa chemchemi yetu, pamoja na mashamba ya bibi, imekwenda kwa mwekezaji. Umeuliza ni nani aliyeiuza ardhi ya wanao, na kama ni mimi, niseme wazi. Una haki ya kuuliza. Kwetu ardhi haipiti kwa mwanamume. Mimi ni mlinzi tu. Ardhi ni ya mama, kisha yako, kisha ya binti yako Upendo. Na ninajua kwamba Upendo, tangu ndoa yake ilipovunjika, ameshafunga mizigo akitegemea kuja kujenga pale juu ya chemchemi, alime njegere na kabichi, alee watoto wake bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo nakujibu kwa ajili yake pia.

Unamkumbuka Benedikto, katibu wetu wa kijiji. Miaka yote tulikuwa tukikutana, tunakataa jambo kwa sauti moja, tunarudi nyumbani. Halafu muhtasari ukifika wilayani unasema tumekubali. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi tulidhani mambo yatabadilika, lakini kalamu ilibaki kuwa ya Benedikto. Ndipo akaja Bibi Hosiana, mama mmoja mtaratibu wa mradi wa kuimarisha mabaraza ya vijiji. Alileta redio kaseti ya betri na mpango ulioeleweka. Kila mkutano mkuu utanaswa tangu watu wanapokaa hadi wanapoondoka, wala mashine haitazimwa katikati, ili asitokee mtu wa kusema kwamba maneno yamekatwa. Kisha kaseti itafungwa kwa lakiri na kupelekwa wilayani. Kaseti ikipingana na karatasi, kaseti ndiyo itakayofuatwa.

Mimi ndiye niliyesimama kuutetea mpango huo. Wazee waliogopa, nikawaeleza jinsi ule utepe ulivyopakwa unga wa chuma, na jinsi sauti inavyoupanga unga huo kama upepo unavyopanga mchanga, na kwamba mashine haina shangazi wala shemeji wa kumpendelea. Kinamama wakaipa jina, wakaiita Katekista, kwa sababu inarudia kila ilichoambiwa bila kuongeza la kwake. Na ilifanya kazi, Yuliana, lazima niseme haki. Benedikto alipoandika kwamba tumekubali kiwanja cha shule apewe mtu wake, kaseti ilisikilizwa wilayani, naye akaondolewa. Siku ile nilitembea kijijini kifua mbele. Nilisema sasa hata mnyonge ana shahidi.

Baada ya hapo ndipo alipotokea mwekezaji. Alitaka chemchemi yote na mteremko wake hadi ukingo wa msitu, atie maji kwenye chupa ayauze mjini. Watu walicheka sana. Mzee Ahmadi wa duka la chini alisema kwamba mtu wa kununua maji atanunua na upepo, na kwamba yeye yuko tayari kumfungia gunia zima. Tukaitiwa mkutano, Afisa Tarafa aje aulize kama tunakubali. Sote tulikuwa tumeshaelewana tangu majumbani kwamba jibu ni hapana.

Afisa Tarafa alichelewa. Gari lake lilinasa kwenye tope kule bondeni. Sisi tulikuwa tumekaa, na Katekista alikuwa ameshawashwa, kama kanuni ilivyotaka. Hapo ndipo Kasiani aliposimama.

Kasiani huwezi kumsahau. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, na hakuna msiba wetu ambao hakutuchekesha hadi tukaona aibu mbele ya marehemu. Alinivua koti langu, akalivaa, akajaza kofia tumboni, akakaa mbele kwenye kiti cha mgeni na kukohoa kile kikohozi cha Afisa Tarafa cha kupitia puani. Sauti aliyoitoa ilikuwa ileile kabisa, hata mbwa wa mwenyekiti aliinuka. Akasema kwamba ndugu wananchi, serikali imeridhia, mwekezaji anaomba eneo la chemchemi lote na mashamba yake, je, wenye ardhi mnasemaje. Nawe unajua utani wetu unavyochezwa: anayetaniwa hujibu kwa uso mkavu, na wa kwanza kucheka ndiye aliyeshindwa. Basi sauti ya mwanamke ikajibu, taratibu na kwa heshima, kwamba tumekubali, mzee, achukue maji na mlima wake, sisi tumezeeka hatuna haja navyo. Na umati wote, nyuso zimekazwa kama za wanaopokea ekaristi, ukaitikia: apewe, apewe! Mwishowe uzalendo ukawashinda, wakapiga makofi na vigelegele, na utepe wa kaseti ukaishia hapohapo, katikati ya vigelegele hivyo.

Afisa Tarafa wa kweli alifika baadaye, viatu mkononi, na mvua nyuma yake. Akasema mkutano haujafunguliwa, utaitishwa siku nyingine. Tukatawanyika. Kaseti ikatiwa lakiri, kama kanuni ilivyotaka, ikaenda.

Siku hiyo nyingine haikufika. Walichokuja kuleta ni mawe ya mpaka. Yalipandwa katikati ya magimbi ya mama, na wapimaji walipoulizwa walisema kijiji kimekubali kwa sauti yake chenyewe. Nilimwendea Bibi Hosiana mjini. Alilia, Yuliana, mtu mzima yule, akasema mradi wake umekwisha na ofisi inafungwa, lakini alituombea nafasi mbele ya kamati ya malalamiko.

Tulishuka kwa lori la mboga, mama, mimi na Kasiani. Kasiani alikuwa amevaa shati la Pasaka. Njia nzima alimwambia mama kwamba leo ataiga mpaka kamati ijikojolee, na kwamba chemchemi ikirudi atadai mke kutoka ukoo wetu, tena asiwe kikongwe kama mama. Mama alimjibu kwamba kwa meno yake yale atamwozesha mbuzi. Nakuandikia haya kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyowasikia wakitaniana.

Kamati ilituingiza mama na mimi. Kasiani aliambiwa asubiri kwenye ngazi hadi aitwe. Wakacheza kaseti. Nilisikiliza kwa masikio ya mtu asiyekuwapo siku ile. Hapakuwa na koti langu mle, wala kofia tumboni, wala nyuso zilizokazwa. Palikuwa na ofisa anayeuliza, mwanamke anayejibu, na watu wanaoshangilia. Nilimweleza mwenyekiti wa kamati habari ya utani, nikaanza tangu mababu, naye alinisikiliza kwa adabu kwa maana hata kwao utani upo. Kisha akamgeukia Afisa Tarafa, aliyekuwa amekaa kando, na kumwuliza kama sauti ile ni yake. Yule bwana alikohoa kikohozi chake, akasema ndiyo, ni yake, na kwamba aliondoka kabla ya mvua.

Nilisema si kweli. Mwenyekiti akasema basi nimtaje mwenye sauti, lakini nijue kwamba mtu akijifanya ofisa wa serikali na kutangaza jambo kwa jina lake ametenda kosa, na polisi hawako mbali. Akasema bila mtu huyo hana cha kuweka mbele ya kaseti, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliotaka kaseti ifuatwe kuliko maneno ya watu. Maneno hayo yalikuwa yangu, niliyoyasema wakati wa Benedikto. Alikuwa nayo kwenye jalada.

Nilifungua kinywa kumtaja Kasiani. Nisingemficha; nilimwona Upendo na watoto wake, nikaona afungwe tu, atatoka. Lakini mama alikuwa ameshasimama.

Sasa nakujibu ulichouliza. Sauti ya mwanamke iliyo katika kaseti ile ni ya mama. Siku ya mkutano aliisema kwa mchezo. Mbele ya kamati aliisema tena bila mchezo. Alisema kwamba sauti ya kwanza ni ya mkubwa yule aliyekaa pale, ya pili ni yake yeye Cecilia, mwenye ardhi, na kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyetania. Wakamwuliza kama amelazimishwa, akasema hapana. Wakampa wino, akaweka kidole.

Tulipotoka, Kasiani aliinuka kwenye ngazi akaanza kujaza kofia tumboni. Mama akamwambia aivae kichwani, tunarudi nyumbani.

Nilimgombeza, Yuliana. Sijapata kumpandishia mama sauti maishani, siku ile nilimpandishia, katikati ya magunia matupu ya lori la kurudia. Alinijibu kwamba mtani hapelekwi barazani. Kwamba aliyemchimbia baba kaburi, kwenye tope na radi, watu wengine wakiwa wamekimbilia kanisani, ni Kasiani. Na kwamba hawezi kumfunga mtu kwa sababu alimchekesha. Akasema ardhi ni yake kuitoa, na kwamba wewe utamchukia, na una haki. Akaniagiza nisikuandikie kwamba anaomba radhi, kwa sababu haombi.

Chemchemi sasa ina uzio. Tumepewa kipande huku chini, chenye mawe, hakiwatoshi watu wengine. Mwambie Upendo asije. Nakuomba umwambie wewe, mimi nimeshindwa kuiandika barua yake. Mikutano bado inanaswa, maana redio ile tuliachiwa. Lakini hakuna anayefungua kinywa. Mwenyekiti wa kijiji anauliza, watu wanatazama chini, naye anaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Kasiani hupita hapa asubuhi akienda shamba. Alikuwa akifika mlangoni anamwuliza mama kama bado hajafa, jembe la kumzikia linaota kutu. Sasa anasimama mbali kidogo, anavua kofia, anamwamkia shikamoo. Mama anaitikia marahaba, anarudi ndani.

Mfikishie salamu shemeji Stephano, na wajukuu wa mama wote kwa majina yao. Padre anakusalimu. Mama yuko hapa karibu yangu na anajua ninamwandikia nani. Hajanipa neno la kuongeza.

Ni mimi kaka yako,
Severini